Kaburi la Bi Kalunde

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa ya mtu mwenye usingizi. Paukwa.

Pakawa.

Haya. Palikuwa na watu, enzi ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, watu wa ukoo wa majitu. Si majitu yenyewe. Majitu yalikwisha kwa ulafi wao. Hawa walikuwa wajukuu zao. Mtu mzima akisimama, kichwa kiko juu ya paa lako.

Walikuwa na adabu zao. Mtu hakupiga chafya akielekea nyumba ya mwenziwe. Aligeukia porini, maana paa lingeondoka. Ukimsalimia mtoto, unakaa chini kwanza, asije akavunjika shingo kwa kukutazama. Lakini mila iliyozipita zote ni hii: kila mtu alijichimbia kaburi lake mwenyewe.

Msicheke. Mtu wa urefu ule, nani atamchimbia? Ndivyo walivyosema. Kijana akiota ndevu, msichana akivunja ungo, anapewa jembe na kuonyeshwa mahali nyuma ya nyumba. Kila mwaka baada ya mavuno anashuka, anaongeza kina cha mkono mmoja. Ti, ti, ti. Kijiji kizima, ti, ti, ti. Siku ukifa unalazwa humo, unafukiwa. Ukifa huna kaburi, fisi wanakungoja. Na tusi kubwa kuliko yote pale lilikuwa neno moja tu: "Utachimbiwa." Ukimwambia mtu hivyo, ngumi zinaruka, na ngumi zao zilikuwa kama vinu.

Mgeni akifika, alipelekwa kwanza kuona kaburi la mwenyeji wake, ndipo apewe chakula. Kwa hiyo wanaume walichimba kwa upana, maana upana ndio unaoonekana. La Mtemi Lugusha, mkubwa wa kijiji, lilikuwa pana hata ng'ombe angegeuka humo. Kina chake, magoti. Wageni walisifu, wakala.

Bi Kalunde alichimba kwenda chini. Kifo kilimsahau mwanamke huyu. Mume akafa, wanawe wakafa, yeye kila mavuno jembe begani. Ti, ti, ti. Shimo jembamba, refu, akiwa ndani huoni hata kitambaa cha kichwa. Alibaki na mkamwana wake, Nyanzobe, na kitoto kichanga cha Nyanzobe. Miguu ilimvimba, kifua kilimkoroma. Mbuzi wake alishawaaga. Alikuwa tayari.

Mwaka huo mvua haikuja. Wala uliofuata. Mto ukawa njia. Visima vikatoa tope, kisha vumbi. Watoto wa watu wale hulia kama ndama. Wakawa wanalia kama paka, kisha wakanyamaza. Mtoto akinyamaza hivyo si adabu.

Mavuno hayakuwapo, lakini Bi Kalunde alishuka kaburini kwake kama kawaida. Ti, ti, ti. Ti, ti, chubwi.

Akasimama. Akapiga tena. Chubwi.

Akapanda na kibuyu kimejaa, akaita watu. Watu wakaja, wakatazama, wakameza mate ambayo hawakuwa nayo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hayo ni maji ya kaburini," Mtemi Lugusha akasema. "Anayekunywa kaburi la mtu, anakunywa kifo chake."

"Kifo changu nakijua," Bi Kalunde akasema. "Kivivu. Hakimuui mtu."

"Na kaburi likishatoa maji si kaburi tena. Wewe utalazwa wapi? Mwenye kaburi la pili ni mchawi."

"Mimi ndiye niliyekuogesha ulipozaliwa, Lugusha. Usinifundishe pa kulala."

Akainua kibuyu. Gu, gu, gu. Akajifuta mdomo.

Mtemi akafikiri. "Tutangoja mwezi uandame," akasema. "Akiwa hai, tutakunywa. Akifa kabla, shimo lifukiwe na maji yake, na yeye apelekwe porini."

Basi tazameni. Mwanamke aliyekuwa tayari kufa, akakatazwa kufa.

Kulipokucha, watu wakaja, wakasimama mbali.

"Bi Kalunde, umekufa?"

"Bado. Nyie je?"

Wakarudi makwao. Kesho yake wakaja tena.

"Bi Kalunde, umekufa?"

"Bado. Nendeni mkakauke vizuri."

Kila asubuhi hivyo hivyo. Kifua kilipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Nyanzobe alimkalia pembeni, akimwegemeza asianguke.

"Mama, pumzika."

"Nikipumzika mtakufa kiu, mjinga wewe. Lete mtoto."

"Wa nini?"

"Nimnyweshe. Huyu hana nafasi ya kungoja mwezi."

Nyanzobe akatazama mlango. Akatazama mtoto. Akampa.

Kesho yake kitoto kile kililia. Kililia kama ndama, kijiji kizima kikasikia. Wanawake wakatazamana juu ya mafiga yaliyopoa. Mtemi hakuambiwa neno. Asubuhi iliyofuata ni wanawake peke yao waliokuja kuuliza, kila mmoja na kibuyu ndani ya nguo.

"Bi Kalunde, umekufa?"

"Bado. Kamba ya kushukia iko mkono wa kulia."

Wanaume walishangaa wake zao wanapata wapi nguvu za kugombana. Ndivyo walivyo wanaume, hushangaa.

Mwezi ukaandama. Bi Kalunde yu hai, anatukana. Wanaume wakanywa. Mtemi Lugusha alikunywa wa mwisho, amegeukia ukuta. Hakufa mtu.

Mvua zikarudi, mto ukakumbuka njia yake. Watu walishazoea, asubuhi walipopita na majembe waliita tu.

"Bi Kalunde, umekufa?"

Kimya.

Wakaita tena. Wakangoja tusi. Halikuja.

Wakamtoa nje, wakamfunika. Mtemi akatazama lile shimo lililojaa maji mpaka mdomoni. "Mila ni mila," akasema, ila kwa sauti ndogo. "Hana kaburi. Apelekwe porini."

Nyanzobe akampa jirani mtoto, akachukua jembe la marehemu. Ti, ti, ti.

"Unafanya nini?" Mtemi akauliza.

"Namchimbia."

Watu wakaziba midomo. Tusi lile, limetamkwa mchana, mbele ya maiti.

"Kaburi ni kazi ya maisha mazima. Utamaliza lini?"

"Nitakapomaliza. Mtemi, ulikunywa?"

Mtemi akatazama pembeni.

"Nakuuliza. Ulikunywa, hukunywa?"

"Nilikunywa."

"Basi shika jembe, au uniondokee kwenye mwanga."

 Mtemi akavua joho, akashuka. "Sogea," akasema. "Unaparura kama kuku."

Mwingine akaenda kuleta jembe lake. Na mwingine. Ti, ti, ti, wote kwa pamoja, mpaka vyungu vikacheza majumbani.

Waliposimama, kaburi lilikuwa tayari. Pana, na lenye kina. Wakatazama jua. Mbuzi walikuwa bado hawajarudi malishoni.

Wakatazama mikono yao, wakahesabu miaka. Mzee mmoja akasema, "Kumbe."

Basi. 

Tangu siku hiyo wakaacha kujichimbia. Kaburi la Mtemi wakaogeshea ng'ombe, lilifaa sana. Na kabla ya kumfukia mtu huinama wakamwuliza, "Umekufa?" Kisha hungoja kidogo, pengine atatukana.

Ajichimbiaye peke yake huchimba maisha yake yote. Wanaochimbiana hurudi kabla ya mbuzi. Hadithi yangu nimeifukia hapo. Anayetaka kuifukua aje na jembe, na aje na mwenzake.