Ndiva ya Ofisini

Mfereji mpana haujazi ndiva. Mmemsikia mama Nziajose akimwambia hivyo mwanawe, yule anayetaka kufungua duka la pili wakati la kwanza lina sabuni na viberiti tu. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza mimi ilikotoka. Mnadhani ilitoka shambani. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia ofisini, juu ya meza yenye kitambaa cha maua.

Ndiva mmezikuta, lakini nyinyi ni watu wa mabomba, basi acha niseme. Ni bwawa dogo walilotuchimbia wazee huku milimani Upare. Usiku maji ya kijito hulala humo, asubuhi kizibo kinafunguliwa, watu wanamwagilia kwa zamu. Maji ni yale yale yaliyolala. Ukitanua mfereji wako hujaongeza tone, umeyamaliza upesi tu, na aliye chini yako anakaukiwa. Ndiyo maana kutanua mfereji faini yake ni mbuzi. Mimi mbuzi huyo nilimtoa. Kingo zangu zilibomolewa na mvua, lakini nani atamsikiliza mtu aliyeishia darasa la tatu? Aliyenitoza alikuwa Sekiete, mwenyekiti wa ndiva, na alinihubiria mbele ya watu kwamba maji hayaongezwi kwa jembe.

Sekiete huyo huyo alikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa tangawizi. Huku kwetu ukishapewa kiti kimoja, vingine vinakufuata vyenyewe.

Ushirika ulikuwa na kompyuta, kisanduku chembamba kama Biblia mbili zilizobebana. Aliyeitumia ni kijana Heriel, karani. Mke wangu, Nakijwa, alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya akina mama, na Heriel aliwahi kuwapiga sinema wakiimba huku wakimenya tangawizi. Baadaye Nakijwa akaugua. Zahanati yetu ilikuwa na jengo jipya lenye jina la mkubwa aliyelizindua, limeandikwa kwenye jiwe. Dawa haikuwa nayo. Tulimzika mvua za vuli zikianza.

Nyumbani nilibaki na picha yake moja, ya kitambulisho, amekaza uso kama mtu anayesubiri kufokewa. Hakuwa hivyo. Sauti yake ilikuwa ndani ya kile kisanduku na si pengine popote duniani. Nikawa nakwenda ofisini, Heriel ananifungulia ile sinema. Ilikuwa inakwamakwama, inasimama, inaendelea, lakini Nakijwa alikuwa anaimba mpaka mwisho.

Nilinunua flashi nikamwomba Heriel anihamishie. Yeye alikubali, Sekiete akakataa. Alisema mali ya ushirika haitoki bila kikao cha kamati, na kamati ina shughuli ya mgeni rasmi. Nilirudi tena na tena. Jibu lake lilikuwa moja: baada ya mgeni, mzee.

Mgeni huyo alikuwa wa wafadhili waliotupigia picha mashamba kwa vindege visivyo na rubani, wakatengeneza ramani ya mlima mzima, unaizungusha kwenye kioo kama chungwa mkononi. Kompyuta yetu haikuiweza. Wakaleta zawadi, kadi ya picha, ya kuchomekwa ndani ya kompyuta iweze kuchora ramani kama ile, kitu kizito kama tofali, kina feni mbili. Aliyeileta hakuuliza itaingia wapi. Aliyeipokea hakuuliza pia, alipigwa picha akiipokea.

Siku moja kabla ya sherehe nilikuwepo Heriel alipofungua kile kisanduku. Kadi iliingia kwenye nafasi yake, lakini ilitokeza nje, kifuniko hakikufunga tena. Hilo dogo. Kadi ilikuwa na mdomo wake wa kulia umeme, na ndani ya kisanduku hamkuwa na waya wa kuufikia.

"Mwenyekiti, hii haitaweza," Heriel alisema. "Pawa saplai ya humu ni ndogo. Kadi peke yake inataka umeme mwingi kuliko uwezo wote wa pawa saplai."

"Umeme si unatoka ukutani?" Sekiete akamuuliza. "Ukuta huo huo unaendesha mashine ya kusaga."

"Unatoka ukutani, lakini unapita kwanza kwenye hii pawa saplai. Hii ndiyo inayougawa. Kadi ikiwashwa tu inaweza kutulia. Ikianza kuzungusha ramani, itanyonya mpaka kitu kiungue."

"Si ndiyo maana tumeletewa kubwa, ituongezee nguvu? Wewe tafuta waya. Mgeni anakuja kesho, unataka nimwonyeshe kifuniko?"

Heriel akatafuta waya. Angefanya nini? Ana mama wa kulisha. Palikuwa na waya wa umeme unaokwenda kwenye diski, mahali kompyuta inapotunzia kila ilichopewa. Akauchepusha, nusu kwa diski, nusu kwa kadi. Nikamwomba Sekiete kwa mara ya mwisho, nikamshika mkono kabisa, kwamba Heriel anihamishie sinema yangu kwanza. Akaniambia nisiwe kama mtoto, kesho nitamwona mke wangu kwenye pazia kubwa na watu wote.

Kesho yake turubai, viti vya kukodi, soda. Kompyuta ikawaka vizuri, watu wakapiga makofi. Sekiete akanikonyeza. Kisha akaagiza ramani izungushwe na sinema ya kwaya iwekwe pembeni, vyote pamoja, mgeni apate kuona nguvu. Feni zikaanza kulia kama nyigu. Mlima ukageuka, mashamba yetu yakapita moja moja, na pembeni akatokea Nakijwa na kisu chake na beseni. Haikukwama hata kidogo. Sijawahi kumwona wazi namna ile, hata jasho la juu ya mdomo. Akainua kichwa, akavuta pumzi, akafungua kinywa aanzishe.

Giza. Ikazimika kabla sauti haijatoka.

Heriel alisema iachwe. Sekiete akasema iwashwe, mgeni ameketi. Ikawashwa, ikafika pale pale, ikazimika. Akaamuru tena. Safari hii tulisikia mlio, kama punje ya mahindi ikipasuka kwenye moto, halafu moshi. Ule waya wa kuchepusha uliyeyuka ukashikana na diski.

Sekiete akamgeukia mgeni, akamweleza kwamba umeme wa huku huja kwa fujo. Hapo ndipo niliposimama. Sikuwa na hotuba.

"Mwenyekiti," nikasema, "ulinitoza mbuzi kwa jambo hili. Mfereji mpana haujazi ndiva."

Nyuma mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mgeni akauliza wanacheka nini, hakuna aliyemtafsiria.

Diski Heriel aliipeleka Moshi kwa mafundi. Wakamwambia hamna kitu humo, ni chuma. Yeye ndiye aliyefukuzwa kazi. Sekiete alichaguliwa tena, na kadi ile ameifungia kwenye kabati la vioo ofisini, wageni wanaonyeshwa. Faini hakutozwa, hata kuku.

Neno langu likashuka sokoni, likapanda vijiji vya juu. Leo linasemwa kwa mwenye kuongeza mke na debe la unga ni moja, kwa mwenye kununua gari na mafuta hana. Wanalisema wakicheka, na nyinyi mmecheka. Sikatazi. Ila mimi nikilisikia, namwona Nakijwa na beseni lake. Ameinua kichwa, amefungua kinywa, na nimekaa miaka yote hii nasubiri aanzishe.

Mfereji mpana haujazi ndiva.