Benchi la Bi. Perpetua

Benchi la wageni hupakiwa mwisho. Ndivyo Mzee Shija alivyowaambia vijana wanne waliokuwa wakihamisha ofisi moja, wamelinyanyua benchi kuliingiza ndani ya lori kabla ya kitu kingine chochote. Walipomuuliza neno hilo kalitoa wapi, alivuta ndoo akaikalia, akawaambia wapumzike. Methali hii, alisema, ilizaliwa papa hapa Tabora, asubuhi ya Jumamosi moja, na aliyeileta ni mgeni ambaye hakuna aliyemtazamia.

Mgeni huyo alikuwa mzee mrefu aitwaye Kapaya, ametoka Sikonge kwa basi la alfajiri. Aliikuta ofisi ya wapima ardhi kuta tupu, watu wanapishana na meza na makabati. Alitafuta pa kukaa, hakupaona. Akakaa chini kando ya mlango, kofia mapajani.

Bi. Perpetua Mhoja, karani mkuu wa ofisi ile, alimpita mara tatu bila kumwona. Msimlaumu. Kuhama kule alikuwa amekupanga kwa wiki tano. Kila boksi lilikuwa na herufi ya chumba chake na namba yake, na mahali pa kila namba palikwisha kuchorwa kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa katika ofisi mpya, ng'ambo ya mji. Vitakavyohitajika mapema vilipakiwa mwishoni, ili vishuke kwanza. Wateja wenye simu walipigiwa, wenye sanduku la posta waliandikiwa barua. Saa tisa alasiri mkurugenzi angepokea wageni katika ofisi mpya, na alikuwa ameahidi kumsimamisha Perpetua mbele yao wote apigiwe makofi. Mama yake, aliyefagia ofisi za watu tangu ujana wake, alikuwa ameshonesha gauni kwa ajili ya saa hiyo.

Na benchi la wageni? Lilikuwa refu mno, kwa hiyo liliingizwa kwanza, likalazwa mbele kabisa nyuma ya kichwa cha lori, na mizigo ikalifunika.

Mara ya nne Perpetua alijikwaa kwenye mguu wa mzee.

"Samahani, baba! Shikamoo. Unamsubiri nani?"

"Marahaba, mwanangu. Naisubiri ofisi itulie."

"Hapa haitatulia tena, baba, tunahama. Tangazo si hilo hapo juu yako?"

Kapaya aliinua macho. "Karatasi nimeiona. Kusoma ni kazi ya wenye shule. Mimi nina hii."

Akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nane. Perpetua aliufahamu mwandiko kabla hajausoma, maana ulikuwa wake mwenyewe: *Njoo Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Keti kwenye benchi. Utaondoka na ramani yako.*

"Ulinisomea kwa mdomo wako," mzee alisema bila hasira. "Shauri la mpaka ni Jumatatu. Nisipokuwa na ramani, shamba aliloniachia mama linakwenda. Na basi langu linarudi saa sita."

Perpetua aliitazama orodha yake. Ilikuwa na kila mtu anayeweza kupigiwa simu au kuandikiwa. Wale ambao ofisi waliijua kwa benchi lake tu, hakuna hata mmoja aliyekuwamo.

"Teremsheni mizigo!" aliita.

Dereva alichungulia dirishani. "Dada, umesema teremsha? Mimi saa saba nina marobota ya tumbaku. Ukiteremsha sasa, vingine vitabaki."

"Vibaki. Ramani iko boksi D-14, safu ya nne, upande wa usukani."

"Una hakika?"

"Kuliko wewe na jina la mkeo."

"Hilo nalijua vizuri," dereva akasema akishuka. "Nalitaja kila jioni nikiomba msamaha."

Wapakiaji walicheka, wakaanza kushusha. Waliposhusha boksi la ishirini na tatu, D-14 ilikuwa palepale aliposema. Wakapiga mbinja za kumsifu. Perpetua hakutabasamu bado.

"Na benchi," alisema. "Mzee yuko chini."

Kapaya aliketi, akafungua ramani, akakifuata kijito chao kwa kidole mpaka kwenye jiwe la mpaka. Kisha akasema, "Jirani yangu Kalunde anakuja na basi la mchana kufuata yake. Nipe nimpelekee."

"Hapana, baba. Ramani ya mpaka hapewi jirani, hata awe malaika."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Umesema kweli. Hata mimi nisingemwachia yangu! Lakini atakuta nini hapa?"

"Atanikuta mimi, kwenye benchi hili."

Perpetua akaitoa ramani ya Kalunde katika D-14, kisha lori likaondoka na kilichowezekana. "Mwache mpakiaji mmoja amngoje," dereva alimshauri. Perpetua akatikisa kichwa. Alikuwa amesema *mimi*.

Basi la mchana lilitazamiwa saa nane. Saa nane ikapita. Saa tisa simu yake ikalia.

"Perpetua, uko wapi?" Alikuwa mama yake. "Simu za ofisi zinalia, chai ipo, kila kabati lililofika limekaa mahali pake. Wanakutaja jina!"

"Niko kazini, mama. Nipokelee."

"Nipokee nini?"

"Makofi."

"Kuna mtu unamngoja?"

"Nilisema atanikuta."

"Basi kaa hapo hapo," mama alisema, na kwa simu ile iliyoachwa wazi Perpetua alisikia kiti kikisogezwa, mama yake akisimama na gauni lake jipya, na ukumbi mzima ukipiga makofi.

Basi lilikuwa limepasua tairi njiani. Bi. Kalunde alifika saa kumi na moja, vumbi mpaka kwenye kope. "Nilijua nitakuta mmefunga," alisema.

"Karibu ukae, mama," Perpetua alimjibu, akamkabidhi ramani yake mkononi.

Wakati huohuo lori lilirudi, limeshamaliza tumbaku, kuchukua vilivyobaki. Yule dereva aliyetaka mpakiaji ndiye abaki alishuka, akavua kofia. Alisubiri mpaka Bi. Kalunde alipopumzika vya kutosha na kuinuka mwenyewe. Hapo ndipo wakalibeba benchi, yeye upande mmoja na Perpetua upande mwingine.

"Dereva huyo ni mimi," Mzee Shija alisema akiinuka kwenye ndoo. "Tangu siku ile nimehamisha maduka, zahanati na shule, na kila nilipokwenda nimelisema neno hili, mpaka likanitangulia."

Vijana walitazamana. Kisha bila kuambiwa walilirudisha benchi kando ya mlango wa ofisi waliyokuwa wakiihamisha, wakalipangusa vumbi, wakaenda kubeba makabati. Benchi la wageni hupakiwa mwisho.