Theluthi Iliyofunikwa kwa Ungo

Wamesimulia waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramauti aliishi mjane mcha Mungu, jina lake Bi Lubana. Alikuwa mwingi wa saumu na swala, na mkono wake ulibarikiwa katika upishi wa harisa, ile ngano inayopondwa pamoja na nyama, ambayo sisi huku twaiita bokoboko. Kila Ijumaa waumini walimpelekea sadaka zao, naye akawapikia mafakiri, wakala uani mwa msikiti baada ya swala. Kipimo chake alikijua kama alivyoijua Fatiha: vibaba vitatu vya ngano, ratili mbili za nyama, kikombe kimoja cha samli. Hicho kilishibisha watu arubaini.

Ukaja mwaka wa ukame. Mabedui waliofiwa na mifugo wakamiminika mjini, hata Ijumaa moja wahitaji wakafika mia na ishirini. Waumini wakajikamua, wakaleta kila kitu mara tatu: vibaba tisa, ratili sita, vikombe vitatu.

Ikasadifu kwamba alasiri ya siku hiyo Bi Lubana alikuwa akiwatarajia wazee wa kijana aliyemposa binti yake, na nyumbani hamkuwa na kitoweo cha kuwawekea. Akasimama mbele ya chungu. Ngano akaitia yote. Maji akatia mara tatu, chumvi mara tatu. Alipofika kwenye nyama, mkono ukasita. Akatia ratili nne. Samli akatia vikombe viwili. Kilichobaki akakifunika kwa ungo.

"Ni theluthi tu," akaiambia nafsi yake. "Mwenye njaa hapimi."

Nafsi ikamkubalia upesi, kama ilivyo ada yake.

Harisa ikapakuliwa, nyeupe na nyepesi. Bi Lubana alipokuwa akipita kati ya wanawake akiwagawia maji, alimwona bibi mmoja wa jangwani ameketi na wajukuu wawili. Katika bakuli lake bibi yule alikuwa amepata mnofu mmoja. Akauchana vipande viwili, akawapa wajukuu, yeye akalamba vidole. Kisha akainua mikono.

"Ewe Mola wetu," akasema, machozi yakimlengalenga kwa shukrani, "mlipe aliyetupikia mfano wa alivyotupimia. Wala usimpunguzie chochote."

Ua mzima ukaitikia, "Amin!"

Bi Lubana alifungua kinywa aitikie nao, ulimi ukagoma. Uso ulimwaka, jasho likamtoka mgongoni. Alidhani ameitoa theluthi ile katika chungu, na chungu hakina roho. Sasa aliiona ilikotoka: katika kila bakuli lililokuwa mbele yake, na katika kinywa cha kila mtoto. Alitamani ardhi impasukie.

"Mama," akasema kwa sauti ya kukatika, "usiniombee hivyo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Dua yako ikikubaliwa, nimeangamia."

Akawaeleza yote, amesimama, mtungi wa maji mkononi. Mwanamke mmoja aliyemjua tangu utotoni akageuza uso pembeni, na hilo lilimchoma kuliko tusi.

Bibi wa jangwani hakumkemea. Akasema, "Dua yangu siifuti. Lakini mlango wa Mola haujafungwa. Nenda kakamilishe kipimo chako."

Bi Lubana akaenda. Akaifunua nyama na samli, na kwa kuwa ngano ya sadaka ilikuwa imekwisha, akachota vibaba vitatu katika akiba yake mwenyewe, ili kila kitu kikae katika haki yake. Akabandika chungu pale pale uani, mbele ya macho ya watu. Wakwe walipowasili, walimkuta huko huko uani amejaa masizi.

"Karamu yenu niliiiba kwa mafakiri," akawaambia, "nami nimewarudishia. Nyumbani ninazo tende na maji."

Wakala tende, wakaondoka mapema bila kutaja posa. Binti akainama, akaziokota kokwa.

Harisa ilipoiva, jua lilikuwa limeinama. Waliokuwapo wakala, na bibi yule akapokea bakuli lake akasema, "Alhamdulillahi." Lakini wengi walikuwa wamekwisha kushika njia na watoto wao, wala hapana aliyejua wameelekea wapi. Yasemekana Bi Lubana alitoka hadi lango la mji na bakuli mkononi, akaitazama njia ile tupu mpaka harisa ikapoa.

Enyi ndugu zangu, Mola wetu ni Mwingi wa kusamehe, na aibu inayomrudisha mja kwenye haki ni katika rehema Zake. Lakini haki ya mtu iko kwa mtu, na mtu hupita njia akaenda zake. Basi tukipewa amana ya kuwagawia wenzetu, tuikamilishe wangali wameketi mbele yetu.