Sharubati Iliyomliza Mjomba Shomari

Hapo zamani, kabla bibi yenu hajajifunza kunikatiza ninaposema, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwambuni, na kijiji hicho kilikuwa na mila yake. Msichana akiolewa, aliyemlea sharti alie mbele ya wakwe. Si kuangua kilio, hapana. Chozi moja tu, lionekane shavuni. Lisipotoka, upande wa bwana harusi husema, "Kumbe hawa wanatutupia mzigo wao!" Hukunja mikeka yao wakarudi kwao. Msinitazame hivyo, mila sikuitunga mimi.

Basi alikuwepo msichana yatima, Asumini, aliyelelewa na mjomba wake Shomari. Na Shomari alikuwa mkavu. Mkavu wa macho, nasema, mengine siyajui. Alipokuja mchumba wa kwanza, watu walimkatia Shomari vitunguu kikapu kizima chini ya pua. Akauliza, "Kachumbari hii inaliwa na nini?" Mchumba akarudi kwao. Alipokuja wa pili, wakamkumbusha Shomari kifo cha mama yake mzazi. Akasema, "Eh, alikuwa mzee." Mchumba wa pili naye akarudi kwao.

Wa tatu alikuwa Mbwana, seremala. Wale wawili Asumini hakuwajali, lakini huyu alimpenda hadi akawa anatia chumvi kwenye chai. Siku ya harusi aliingia jikoni macho yamevimba, akawaambia wanawake watatu waliokuwa wakitengeneza sharubati, "Jamani, Mbwana akirudi kwao mimi sina maisha tena. Atakayenitolea chozi la mjomba, mwanangu wa kwanza nitampa jina lake."

Mikono ikasimama. Kwambuni, mtu asiye na somo wake, akifa amekufa kwelikweli. Na wanawake wale watatu hawakuwa na mtoto hata mmoja kijijini aliyeitwa kwa majina yao.

Mkubwa wao alikuwa Bibi Semeni, bingwa wa sharubati, mwenye meno mawili na ulimi wa watu kumi. Aliloweka ukwaju tangu alfajiri, akaukamua kwa mkono, akauchuja kwa kitambaa. Akatia nanasi lililopondwa, maji ya machungwa, tangawizi na majani ya mnanaa. Sufuria lenyewe ungeweza kuogeshea ndama. Likabaki jambo moja. Bibi Semeni, tambuu imemjaa mdomoni, akapaza sauti: "Mashavu! Tia iliki! Iliki!"

Mashavu, msaidizi wake, alikuwa amejifunga kilemba hadi masikioni, na nje ngoma zinarindima. Iliki-iliki ile ikamfikia masikioni ikiwa pilipili. Alishangaa kidogo, lakini nani amuulize Bibi Semeni mara mbili? Akatwanga pilipili kichaa konzi tatu, akamimina, akakoroga vizuri.

Wa tatu, Siwema, ndiye mwonjaji. Akaonja. Akakaa chini. Akainuka, akakaa tena. Alipopata sauti alitaka kupiga kelele, lakini wageni walikwisha kaa mikekani, na ukwaju mwingine haukuwepo. Akachukua mtungi wa asali, akaumimina wote. Sharubati ikawa tamu mwanzoni mwa ulimi na moto mwishoni mwa koo. Siwema akafuta mdomo, akanyamaza.

Tena kuna hili. Bakuli la kwanza ni la mwenyeji, hupelekwa na bibi harusi mwenyewe, na haliwekwi chini mpaka liishe. Siwema akalijaza bakuli la Shomari hadi ukingoni.

Asumini akapiga magoti mbele ya mjomba wake, akampa. Shomari akalipokea, akaliinua hadi uso wake wote ukafichika. Bakuli likashuka, tupu. Kidevu cha Shomari kikaanza kucheza. Kisha likatoka chozi, la kwanza. Likafuata la pili. Kisha mzee mzima akalia hadi ndevu zikalowa.

Vigelegele! Wakwe nao wakapewa sharubati, wakanywa, wakalia. Bwana harusi akalia. Wapiga ngoma wakalia. Baba yake Mbwana, akipenga kamasi, akasema, "Wallahi, hatujawahi kupokewa kwa mapenzi namna hii!" Asumini akaolewa.

Mwaka haukuisha, akazaa mtoto wa kike. Siku ya saba watu wakakusanyika kumpa jina, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Bibi Semeni akasema, "Ataitwa Semeni. Sharubati ni yangu, mkono ni wangu, amri ni yangu. Ningenyamaza, Mashavu angetia nini? Angetia maji ya kuoshea vyombo."

Mashavu akasema, "Ataitwa Mashavu. Wewe bibi ulisema iliki. Iliki imemliza nani tangu dunia iumbwe? Pilipili niliitia mimi, kwa mikono yangu miwili, na macho niliyafikicha nikakesha. Nilikosea, ndiyo. Lakini kosa ni langu, sigawani na mtu!"

Siwema akasema, "Ataitwa Siwema. Pilipili ile bila asali yangu, Shomari angeitema palepale kwenye kanzu ya mkwe. Mimi ndiye niliyemfanya ameze. Na nilijua! Nyinyi wawili mlibahatisha. Mimi nilikusudia."

"Jina lenyewe Siwema?" akadakia Bibi Semeni. "Mtoto amekukosea nini?"

Wakavutana vilemba. Ndipo kikasikika kikohozi kutoka kwenye kona. Mjomba Shomari.

"Mimi," akasema, "sikuinywa."

Vilemba vikaachiwa.

"Niliinusa tu. Pua yangu haijafa. Bakuli lilipokuwa limenifunika uso, niliimwaga ndani ya kanzu, ikashuka hadi miguuni. Nikaketi nimelowa kama mtoto aliyekojoa, mkaniacha hivyo hadi jioni."

"Mwongo!" akasema Siwema. "Sasa ulilizwa na nini?"

Shomari akatazama chini. "Asumini aliponipa bakuli niliona kovu mkononi mwake. Aliungua akiwa na miaka sita, akinipikia uji nilipokuwa na homa. Uji wenyewe ulikuwa mabonge. Nikawaza, kesho nikirudi shamba, nani ataniuliza, Mjomba, umekula? Nikaona hakuna. Basi. Chozi lilikuwa langu. Nami sina mtoto. Sina somo."

Asumini akaanza kulia. Mashavu naye macho yakamlenga. Lakini Bibi Semeni akatema tambuu yake, akasema, "Nani alikuona ukimwaga? Watu mia mbili walikuwa wanakutazama."

"Walikuwa wanangoja macho yangu," akasema Shomari. "Kanzu yangu nani aliitazama?"

"Na huyo mtoto wa kike aitwe Shomari? Hata mbuzi watamcheka!"

"Wacheke," akasema Shomari.

Asumini akamgeukia mumewe, Mbwana akatazama dari. Mume wa kweli huyo.

Sasa nyinyi mnaokunywa chai yangu tangu magharibi bila kusema ahsante, fanyeni kazi. Mtoto yuko mapajani, kichwa kimenyolewa, jina hana. Yuko aliyepika na kuamuru. Yuko aliyekosea. Yuko aliyeficha kosa kwa makusudi. Na yuko mzee anayedai alilia mwenyewe, na labda ni kweli, na labda amezeeka tu na anaogopa kufa bila jina. Je, nani alistahili? Na wewe unayecheka hapo nyuma, anza wewe.