Taka za Sultani Haidari

Hapo zamani, katika mji wa Jiwemoja, palikuwa na Sultani jina lake Haidari, mtu aliyejua kuamrisha na asijue jingine. Mji ule ulijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo wake wa asili haukutosha hata kuzikia paka. Aliyetaka kula mchicha ilimpasa kwanza autengeneze udongo wenyewe. Basi watu wa mtaa wa nyuma ya jumba la Sultani walikuwa wakiutengeneza kwa mikono yao: huyu kaleta majivu, huyu maganda ya ndizi, huyu machicha ya nazi, wakavifukia katika mashimo ya mwamba, wakavimwagia maji, wakangoja mpaka vioze viwe mboji nyeusi.

Aliyewaongoza katika kazi hiyo alikuwa Pandu, maskini asiye na kanzu ya pili. Walimwita Pandu Majivu, kwa kuwa alipita nyumba kwa nyumba akiomba majivu ya jikoni, na watu wa jumbani walimhesabu kuwa mwehu. Naam, anayeomba taka huitwa mwehu, na anayezitupa huitwa mheshimiwa. Ndivyo dunia ilivyo, msiniulize mimi.

Kila siku baada ya alasiri ua wa Pandu ulijaa watu. Hawakufuata kahawa, maana hakuwa nayo. Walikuja na miche, na mbegu zilizofungwa kwenye vitambaa, na habari za yaliyoota na yaliyokufa. Jirani yake, Bi Kazija, mjane mwenye ulimi mkali na mkono wa baraka, alikuwa hodari wa kujaribu. Aliwahi kuzimwagia pilipili zake maji ya kuoshea mchele, zikazaa mpaka matawi yakainama. Safari nyingine akafukia vichwa vya papa chini ya mmung'unye, paka wa mji mzima wakaja wakaufukua mmung'unye na mizizi yake. Yote mawili aliyasimulia, la kujisifu na la kuchekwa, kisha akagawa mbegu.

Na ng'ambo ya ukuta ilikuwako bustani ya Sultani. Alikuwa ameleta mawaridi kutoka nchi za mbali, akamweka Waziri Ngwali ayasimamie. Waziri huyu hakuwahi kushika jembe, lakini hapakuwa na mmea asiokuwa na la kusema juu yake. Kwa rai yake, jani kuanguka mbele ya Sultani ni utovu wa adabu. Basi kila asubuhi watumishi walifagia, wakafagia, hata udongo nao ukafagiliwa, mwamba ukabaki mweupe. Majani yale, pamoja na samadi ya farasi na matumbo ya samaki ya jikoni, yalirushwa juu ya ukuta yakaangukia nyuma yake, maana kwa maskini ndiko kunakotupwa taka. Pandu alizipokea akimshukuru Mungu, akazichanganya na za majirani.

Ikawa siku moja Sultani alipanda darini kupunga upepo, akatupa jicho nyuma ya ukuta. Akaona mabilingani, na bamia, na mipapai, na asumini iliyotambaa mpaka juu ya paa la makuti. Akageuka akayatazama mawaridi yake, akaona vijiti. Roho ikamuuma, maana mwenye vingi haumwi na kitu kama kimoja alichonacho maskini. Akaamrisha Pandu aletwe.

"Pandu," akasema Sultani, "wewe huna mbele wala nyuma. Udongo ule umeupata wapi?"

"Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri, umetoka kwako. Majani yanayofagiliwa hapa, samadi ya farasi wako na taka za jiko lako, sisi huvifukia pamoja na vyetu mpaka vioze. Nawe ukiyaacha majani yalale chini ya mawaridi yako, usiyafagie..."

Waziri Ngwali akamkata kauli. "Umesikia, Bwana? Amekiri kwa kinywa chake. Kilichotoka jumbani ni mali ya jumba, na aliyekichukua ni mwizi."

Tazameni akili za wakubwa. Mtu anafundishwa bure dawa ya maradhi yake, yeye anasikia habari za wizi.

"Basi kila kilichotoka kwangu kirudi kwangu," akasema Sultani. "Ijumaa nina karamu bustanini. Watakuja wageni wangu wa miji ya jirani, na kadhi atakuwepo. Nataka washuhudie jinsi mwizi anavyorudisha mali."

Waziri hakutosheka. "Na kisichanganyike na cha mwingine, Bwana. Lisije likaingia bustanini kwako hata ganda moja la ndizi la watu wale."

"Hata ganda moja," akaitikia Sultani. "Ukishindwa, Pandu, wewe na majirani zako mtahama, na nyua zenu zitakuwa zangu pamoja na vyote vilivyomo."

Mwenye akili na ajiulize. Vitu vimekwisha oza pamoja vikawa udongo mmoja; nani wa kulitenga jani la Sultani na ganda la Bi Kazija? Ni sawa na kumwambia mpishi autenge mchuzi, maji huku na chumvi kule. Waziri aliyajua hayo, ndiyo maana akawa anachekea ndevuni.

Pandu hakubisha. Akainamisha kichwa, akauliza, "Bwana wangu, mimi mwehu, naogopa kukosea. Virudi vikiwa katika hali gani, na vipitie wapi?"

Sultani akamchoka. "Virudi kama vilivyotoka, na vipite palepale vilipopitia. Hilo nalo la kuuliza?"

"Si la kuuliza, Bwana. Nimesikia na nimetii." Akambusu mkono, akaenda zake.

Habari zilipofika mtaani, Bi Kazija alikuwa akipandikiza nyanya. Akaketi palepale kwenye tope. "Pandu mwanangu," akasema, "udongo huu nimeufanya tangu nilipokuwa mwari. Nyumba wakiichukua nitajenga nyingine ya makuti. Udongo huu nitaufanya tena lini, na umri huu?" Akalia kwa kwikwi, na watu wa mtaa wakamtazama kwa hofu, kwa kuwa walikuwa hawajapata kumwona akilia.

"Nyamaza, mama," akasema Pandu. "Nisaidieni jambo moja. Tangu leo, taka za jumbani zisifukiwe. Kila kitakachotupwa kitiwe kwenye makapu peke yake, kisiguswe na chetu hata chembe. Amri ni amri."

"Kisifukiwe? Na jua hili?"

"Na jua hilihili."

Bi Kazija akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

Basi wiki ile jiko la Sultani lilikuwa katika maandalizi, samaki wanaparwa na mbuzi wanachinjwa, na kila kilichotupwa kilitiwa kapuni kikaanikwa. Nzi walijaa mtaani, watu wakala huku wamejifunika nguo, na hapana aliyenung'unika.

Ijumaa ikafika. Wageni wakakalishwa juu ya mazulia karibu na ukuta, palipo na kivuli. Waziri Ngwali alikuwa amefunga maua ya hariri kwenye vijiti vya mawaridi, na wageni wakayasifu kwa adabu, kila mmoja akijua anasifu kitambaa. Pilau ilipopakuliwa, Sultani akasimama. "Leo mtauona uadilifu wangu. Pandu, uko wapi?"

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta. "Nipo, Bwana, palepale vilipopitia."

"Rudisha mali yangu."

"Kwa amri yako."

Kapu la kwanza likamiminwa juu ya ukuta, nalo lilikuwa majani makavu, yakawatua wageni mabegani. Likafuata la samadi. Kisha yakaja matumbo ya samaki yaliyopigwa jua tangu mwanzo wa wiki, yakaingia kwenye sinia za pilau, na fungu zima likatua juu ya kilemba cha Waziri Ngwali. Wageni wakakimbia huku wamekusanya majoho yao. Kadhi akajitenga pembeni, leso puani.

"Acha, mwenda wazimu," akapiga kelele Sultani. "Nini hiki?"

"Mali yako, Bwana, kama ilivyotoka. Hamna hata ganda moja letu, Bi Kazija amekagua mwenyewe. Nacho hiki ni cha wiki hii tu. Cha miaka iliyopita kimekwisha oza, basi nitakifidia kwa kila kitakachotupwa kuanzia kesho, kila siku ya Mungu, nisije nikafa mwizi."

Kapu jingine likachungulia juu ya ukuta.

"Sikitaki. Hiki si changu. Kilichokwisha kutupwa nyuma ya ukuta ule si mali yangu, ni mali ya aliyekiokota."

"Na cha zamani, Bwana?"

"Cha zamani, cha leo na cha kesho. Ondoa kapu hilo."

Kapu likashuka. Kadhi akaishusha leso. "Bwana Sultani, uliniita nishuhudie, nami nimeshuhudia. Umekiacha kwa ulimi wako mbele ya watu. Udongo ule ni wao, wala hakuna cha kurudisha, wala hakuna wa kuhamishwa."

Sultani akageukia watumishi, akawaamuru wasafishe. Wakafagia, wakauliza pa kutupa, naye hakuwa na pengine pa kuwaambia. Basi uchafu wote ukarushwa tena nyuma ya ukuta, na Pandu akaupokea kwa mikono miwili, sasa ni halali yake, akaanza kuufukia.

Wageni nao walikuwa wametoka kichochoroni kutafuta hewa. Mmoja akanusa asumini, akaifuata. Mwingine akamfuata yeye. Punde si punde walikuwa wamechuchumaa uani kwa Pandu na majoho yao, kadhi miongoni mwao, wanamsikiliza Bi Kazija. Kumbe na wao walikuwa na mimea iliyowafia majumbani, wakiona haya kuisema. Bi Kazija akawauliza wameizika wapi, akawacheka, kisha akawafungia kila mtu mche wake.

Sultani alibaki peke yake na maua ya hariri. Akamtuma Waziri akawarudishe wageni. Waziri akakawia, akakawia, hata aliporejea alikuwa peke yake, ananuka samaki, na mkono mmoja ameuficha nyuma.

"Wageni wangu wako wapi?"

"Wanakuja, Bwana. Yule bibi hajamaliza habari za maji ya mchele."

"Na hicho unachokificha ni nini?"

Waziri Ngwali akautoa mkono. Alikuwa ameshika mche wa pilipili, mizizi yake imefungwa kwa jani la mgomba.

"Nimepewa, Bwana," akasema, macho chini. "Amesema huu ni wako."

Sultani akaupokea. Akatazama huku, akatazama kule, bustani nzima, na popote alipotazama palikuwa jiwe lililofagiwa likang'aa, asione pa kuupanda. Hapo ndipo nilipomwacha, amesimama na mche mkononi, na mwenye huruma naye na amwonee huruma.