Kiboko na Baraza la Bi Mize

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hivyo ndivyo. Hapo kale, enzi watu na wanyama walipokuwa wakiombana chumvi, palikuwa na mji ukiitwa Kitongani. Katikati ya mji palikuwa na uwanja, na uwanjani alikuwapo Bi Mize, mpika vitumbua. Alipikia kando ya baraza la mawe alilojenga marehemu mama yake. Baraza hilo ndilo lililomlisha: mtu akikaa atanusa, akinusa atakula.

Lakini wakaaji walikuwa wamepungua. Wengi walihamia njia panda, kwenye barabara mpya. Waliobaki barazani ni Kobe na Kanga, wakicheza bao asubuhi hadi jioni na kutukanana kwa mapenzi.

Basi Kiboko, sheha wa mji, akaapa kuwarudisha watu. Na Kiboko alikuwa na akili nyingi mno, wallahi, ndiyo maana kichwa kikawa vile.

Akajenga lango kubwa upande wa njia panda.

"Sheha, watu watakuja?" akauliza Bi Mize.

"Watakuja, mpaka mkose pa kuwaweka!"

Hakuja mtu.

Akapaka chokaa kila ukuta, na mbuzi mmoja aliyechelewa kuondoka.

"Sheha, watu watakuja?"

"Watakuja, mpaka mkose pa kuwaweka!"

Hakuja mtu. Mbuzi naye akahama.

Kiboko akawaza siku tatu, akapata jibu: kosa ni la Bi Mize! Moshi wake unachafua chokaa, na wale wacheza bao wanautia mji aibu. Akatoa amri baraza livunjwe, na kukaa uwanjani kuwe marufuku.

"Sheha, hilo baraza ndilo linalonilisha! Likivunjwa nitakula nini?"

"Bi Mize, tunasafisha ili watu waje."

"Na sisi ni nini? Kunguni?"

Sheha akakohoa, akaliangalia lango lake. Watu watakuja, akasema, mpaka mkose pa kuwaweka.

Baraza likavunjwa, mawe yakatupwa nje ya lango. Bi Mize alilia, tena hakujificha. Kesho yake akayafuata mawe yake, akayapanga upya mwenyewe, moja moja, akawasha moto, akabandika chuma chake cha vitumbua. Kanga akaja na bao. Kobe alichukua siku mbili, lakini alifika.

Harufu ikafika njia panda. Mmoja akaja kunusa, wa pili akaja kula, wa tatu akaja kumfundisha Kobe kucheza bao, jambo lililomuudhi sana Kobe. Wiki haikuisha, nje ya lango hapakuwa na pa kupitisha mguu.

Siku ya kuufungua uwanja ikafika. Kiboko akavaa koti, akasimama katikati ya weupe ule. "Wananchi wenzangu!" Akajibiwa na mwangwi. Akaisoma hotuba yote vilevile, maana ilikuwa imeshaandikwa. Vicheko alivisikia kutoka nje ya lango. Mwishowe njaa ikamshinda, akatoka.

"Bi Mize... hapa kukaa kunaruhusiwa?"

"Kaa, Sheha. Huku tunasogeleana."

Wakasogea watu sita ndipo akapata nafasi. Akala kitumbua cha kwanza, akala cha pili, akala cha tatu. Akawatazama watu waliojaa, machozi yakamlengalenga.

"Si niliwaambia watakuja? Pamechangamka kwelikweli! Sasa hapa tukipaka chokaa kidogo, halafu haya mawe tukayaondoa..."

Kobe akazikumbatia kete zake. Bi Mize alitoa kitumbua cha nne chumani, kikiwa bado kinachemka mafuta, akamtia Sheha kinywani.

Hadithi yangu naiachia hapo, Sheha akiwa bado anatafuna. Akimaliza, mpeni kingine.