Mtoto Aliyepelekwa kwa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Watu walikuwapo?

Walikuwapo!

Basi, mlimani palikuwa na Semboja na mkewe Mkasiwa. Binti yao, Sikudhani, alizaliwa hasikii wala hasemi. Alisema kwa mikono, lakini wazazi hawakuitazama. Wageni wakija, mama humfungia chumba cha ndani.

Siku moja Semboja akakutana na zimwi msituni.

"Nipe huyo bubu wako," likasema. "Nitampa masikio, nitampa ulimi, nitamrudisha kama watoto wa wenzako."

Mkasiwa alilia, lakini nywele za mtoto akazisuka. Wakampeleka. Sikudhani akainua mikono akasema, akasema, akasema. Hawakumwelewa. Wakamwacha.

Mvua zikaja, zikapita. Nyumba ikapooza.

"Mume wangu," akasema Mkasiwa, "hata akiwa hasikii, namtaka."

Wakarudi msituni. Zimwi likawatazama.

"Masikio nitayatoa wapi? Nilitaka anenepe nimle. Lakini nikaitazama mikono yake, nikamwelewa, nikashindwa kumla. Haya, yule pale. Akikubali, ni wenu."

Mama akampungia. Mtoto akainua mikono.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anauliza," likajibu zimwi, "mmekuja kunichukua, au mmekuja kuniacha tena?"

Mkasiwa akainua mikono yake. Haikuwa na neno hata moja. Mtoto akangoja, akangoja, kisha akaingia pangoni mwa zimwi.

Basi mama akarudi kesho yake, akarudi tena, akarudi tena. Alijifunza kwa zimwi lile lile: maji, chakula, njoo. Siku alipoweza kusema kwa mikono, "Mwanangu, twende nyumbani," Sikudhani akamtazama sana, akainuka.

Chumba cha ndani kikang'olewa mlango. Wageni wakija, mtoto aliketi nao, mama akiwatafsiria. Lakini Sikudhani hakupenda tena kusukwa nywele. Mkono wa mama ukigusa kichwa chake, alikikwepesha.

Na Semboja? Yeye aliona haya, akachelewa kujifunza. Alipougua, alimwita binti yake kitandani, akainua mikono, akaishusha. Neno la kuomba radhi hakulijua. Akafa huku Sikudhani amemkazia macho, akingoja.

Hadithi yangu imekomea hapo, wajukuu zangu. Mtoto hasubiriwi awe mwingine ndipo apendwe. Jifunzeni lugha yake mapema.